Mawifi Wawili Kwenye Mashine ya Unga

"Utaachwa wewe, wifi! Wewe na hicho kifua unachokipigapiga kanisani kama mtu anayekung'uta godoro!" alifoka Mama Pumba.

"Mimi niachwe, wewe uchukuliwe? Na huo ulimi? Ulimi wako peke yake una uzito wa magunia matatu. Malaika gani atauinua? Watakuja sita, na mmoja wao atateguka mgongo!"

Ilikuwa saa tatu asubuhi ndani ya kibanda cha mashine ya kusaga. Chekecheke alikuwa amesimama mlangoni, furushi kichwani, viatu vya safari miguuni. Mama Pumba alikuwa amekaa juu ya gunia la mahindi katikati ya kibanda, magoti mbali, kama mtu anayengoja kuhukumu kesi. Nje, ndoo na vifuko vya nafaka vilikuwa vimejipanga kutoka kizingitini hadi kona ya barabara, na wenye ndoo zao walikuwa kimya kabisa. Usidhani ni adabu. Hakuna aliyetaka kupitwa na neno.

Mashine yenyewe ilikuwa imelala. Haikuwa mbovu, ila ilikuwa ya namna ile isiyowaka kwa mtu mmoja. Mmoja huinama akazungusha mpini wa chuma kwa nguvu zake zote, mwingine husimama juu ya kibao, na mpini ukishashika kasi huangusha kidude kilicho juu ya injini, mara moja, pah! Akiwahi, injini inakohoa na kunyamaza. Akichelewa, mpini unarudi nyuma kumvunja mwenzake mkono. Kwa miaka kumi na minane Mama Pumba alizungusha na Chekecheke akaangusha, na hakuna siku hata moja waliyohesabu moja, mbili, tatu. Walijuana kwa pumzi.

Leo Chekecheke alikuwa anaondoka. Mwanawe alikuwa njiani na gari, angefika kabla ya adhuhuri kumchukua akaishi kwake, moja kwa moja. Na chanzo cha yote hayo kilikuwa mahubiri ya Jumapili.

Mchungaji alifundisha juu ya siku za mwisho, na alifundisha vizuri, hata watoto walisahau kusinzia. Alianza na Nuhu na gharika, akapita kwenye vita na matetemeko, akafika pale Bwana anaposema kwamba siku ya kurudi kwake wanawake wawili watakuwa wanasaga pamoja, mmoja achukuliwe, mwingine aachwe. Maskini mchungaji, hakuwa na nia mbaya. Lakini kanisa zima lilikuwa na wanawake wawili tu wanaosaga. Shingo zote ziligeuka kwa pamoja kutazama benchi la tatu, walikokaa mawifi hao na unga bado masikioni. Kwaya iligeuka. Mzee wa kanisa mmoja, ambaye hakuwa amegeuza shingo tangu aporomoke kwenye ngazi miaka saba nyuma, siku hiyo aligeuka, ikalia kah! na mpaka leo shingo yake ni nzima.

Tangu hapo hawakuwa na amani. Watu waliwasimamisha barabarani wawaulize ni nani kati yao. Wengine walileta mahindi ya miezi mitatu yasagwe upesi, kabla mmoja hajatoweka.

Mama Pumba mwenyewe hakuwa mtu wa kutishwa na mwisho wa dunia. Alishauona mara nne.

Mara ya kwanza alikuwa msichana wa miaka tisa, jua likafunikwa mchana kweupe. Kuku walikwenda kulala, mbwa walikwenda kulala, na bibi yake alipiga magoti uani akaungama kwa sauti kwamba sufuria ya jirani iliyopotea miaka arobaini iliyopita aliiba yeye. Dakika chache baadaye jua likarudi, na sufuria nayo ikabidi irudi.

Mara ya pili alikuwa bibi harusi wa mwezi mmoja. Alikuja mhubiri mgeni na kipaza sauti, akasema mahesabu yake yote yanaangukia Alhamisi, saa kumi jioni. Watu waligawa mbuzi. Kuna bwana aligawa suruali zake zote akabaki na shuka. Mume wake Mama Pumba, ambaye sasa ni marehemu, alikataa kuzima mashine. "Bwana akija," alisema, "kwa mngurumo huu hatapata taabu kunitafuta." Kweli mashine ile ilinguruma. Kuku wa jirani walikuwa wakitaga mayai yaliyokwisha kupigwapigwa, tayari kwa kukaangwa. Ijumaa asubuhi barabara ilijaa watu wanaotafuta mbuzi wao, na yule wa shuka mbele yao.

Mara ya tatu ulikuwa ule mwaka wenye sifuri nyingi, waliposema mashine zote duniani zitazima zenyewe. Hiyo ya kwao haikuzima. Haikujua hata ni mwaka gani.

Mara ya nne hakuna mhubiri aliyetangaza. Mumewe alitoka kunywa maji, akakaa chini penye kivuli cha ukuta, na hakuinuka. Hiyo ndiyo dunia iliyokwisha kweli. Mama Pumba alifunga kibanda, akatupa ufunguo kisimani, akalala akitazama ukuta.

Siku ya tatu baada ya maziko, wifi yake alikuja. Wifi huyu huyu, aliyeipinga ndoa tangu mwanzo, aliyemtazama bibi harusi mwembamba akasema mbele ya wageni, "Kaka yangu kaoa pumba, upepo ukivuma atakimbizana nalo." Jina likaganda. Bibi harusi naye hakulala na deni, akamwita Chekecheke, maana hakuna dhambi ya mtu iliyopita kwa yule mama bila kuchekechwa. Basi siku hiyo Chekecheke hakutoa pole wala hakulia. Alivunja kufuli kwa jiwe, akapanda juu ya kibao, akanyoosha mkono kwenye kidude cha injini.

"Zungusha," alisema.

Mama Pumba akazungusha. Ndivyo dunia ilivyoanza tena.

Kwamba Bwana atarudi, hilo hakulitilia shaka. Hakujua kusoma, lakini masikio yake yalishika kila kilichosomwa. Kila asubuhi alifagia kibanda mpaka chini ya mashine, akisema, "Leo ukija, usikute vumbi la jana." Kisha akafunga magunia ya wateja kwa fundo lake, mizunguko mitatu juu na mmoja kwa chini, fundo ambalo hakuna kiumbe mwingine aliyeweza kulifungua. Mwanamume mmoja alihangaika nalo juma zima, mwishowe familia yake ikala kwa kuchota unga kupitia tundu la panya.

Sasa mwanamke huyo alikaa juu ya gunia akimtazama wifi yake mlangoni, na kwa mara ya kwanza tangu kile kisima kimeze ufunguo, aliogopa.

"Nenda basi," alisema. "Nenda. Kwa mwanao utasaga nini? Meno?"

"Heri meno."

"Miaka kumi na minane, leo unaniogopa kama ukoma, kwa sababu ya neno moja!"

"Sikuogopi wewe!" Chekecheke alilishusha furushi puu, vumbi likaruka. "Mjinga wewe! Unadhani naogopa kwamba utaachwa? Hutaachwa! Nimekuchekecha miaka yote hii, nimetafuta kokoto, sijaona. Unampa mjane kibaba cha ziada ukidhani sikuoni. Unaombea hata yule aliyetuibia mkanda wa mashine. Utachukuliwa wewe. Na mimi nitabaki nimesimama hapo juu ya kibao, mkono hewani, mpini unazunguka peke yake na mzungushaji hayupo." Alilisukuma furushi kwa mguu. "Nilishamwona kaka yangu akiondoka hivyo hivyo, katikati ya kazi. Sitaki tena. Heri niondoke kwa miguu yangu. Tukiwa si wawili, hilo neno litatupita."

Nje, mtu alipenga kamasi kwa kishindo.

Mama Pumba aliokota punje moja ya mahindi, akaigeuzageuza kiganjani.

"Wifi," alisema taratibu. "Mchungaji kabla ya kufika kwetu alianza na nani?"

"Nuhu."

"Gharika ilipokuja, ilichukua nani?"

"Si wale waovu? Waliokuwa wanakula na kunywa."

"Na nani aliachwa?"

Chekecheke alianza kuhesabu kwa vidole, akakwama kwenye cha kwanza.

"Nani aliachwa, wifi?"

"Nuhu," alisema Chekecheke kwa sauti ndogo. "Nuhu na wa nyumbani mwake."

Kule kwenye foleni, mwalimu mstaafu aliyekuja na ndoo ya mtama alivaa miwani, akatoa Biblia yake mfukoni, akapekua mbio mbio. "Ndivyo ilivyo!" alipiga kelele. "Gharika ndiyo iliyowachukua! Kuna wanaosoma vile, lakini na hivi pia panasomeka!"

Chekecheke alikunja uso. Hesabu ilikuwa inapita kichwani mwake, na ilipofika mwisho, macho yalimtoka.

"Ngoja kwanza. Kumbe asubuhi yote uliponiambia nitaachwa, ulikuwa unanisifu?"

"Sikujua! Ningejua nisingesema!"

"Na mimi nimetoka kusema wewe utachukuliwa. Na maji!"

"Mbele za watu!"

"Basi nafuta. Utaachwa, wifi."

"Uachwe wewe kwanza!"

"Siwezi kukutangulia, wewe ndiye mke wa kaka yangu!"

Foleni nzima iliangua kicheko, na wao wenyewe kikawashika, Chekecheke akajiegemeza kwenye mlango, Mama Pumba akashika mbavu. Kicheko kilipoisha, Mama Pumba aliinuka, akapangusa machozi kwa kitenge.

"Sikiliza. Nani atakwenda na nani atabaki, sijui, wewe hujui, na siku yenyewe hata malaika hawaijui. Lakini najua kitu kimoja. Wale wanawake wawili, Bwana atawakuta wanasaga. Hatamkuta mmoja kakaa kwenye kochi la mwanawe. Ukitoka mlango huu sasa hivi, mmoja amekwenda na mwingine ameachwa, na si Bwana aliyefanya hivyo, wifi yangu. Utakuwa umefanya wewe."

Chekecheke alitazama furushi lake. Alitazama kibao, kilicholika mashimo mawili ya visigino vyake.

Alivua viatu vya safari, kimoja, kingine, akapanda juu ya kibao pekupeku.

"Bado," alisema Mama Pumba. Alivuta kamba ya gunia kutoka kwenye msumari, akaizungusha kiunoni mwa wifi yake, akaiachia urefu wa hatua nne, akajifunga na yeye. Mizunguko mitatu juu, mmoja kwa chini.

"Hii si kufuru?"

"Kufuru ni kuwaacha watu hawa na ndoo zao. Akija kuchukua mmoja, atapata wawili. Akiamua kuacha mmoja, hatakosa mkasi. Ila angalau atajua tulivyotaka."

"Zungusha," alisema Chekecheke, akinyoosha mkono kwenye kidude.

Mama Pumba aliinama. Mpini ulilia, ukazunguka, ukashika kasi, na bila kuhesabu, pah! Injini ilikohoa mara moja, ikafuka moshi, kisha ikanguruma mngurumo ambao haujasikika tangu siku za marehemu. Mabati yaliruka yakarudi mahali pake. Shangwe ilipanda nje. Mtu alianzisha wimbo wa kurudi kwa Bwana, foleni ikaupokea, na injini ikawa inapiga besi, tena kwa kufuata.

Walisaga siku hiyo kama wenye mbawa. Mahindi ya miezi mitatu yalipita, mtama wa mwalimu ukapita, mmoja akimimina juu, mwingine akipokea chini, kamba ikicheza katikati yao bila kunasa hata mara moja. Unga ulijaa hewani. Ulitua kwenye nywele zao, kwenye kope, mikononi, mpaka palikuwa hapaonekani kitenge wala ngozi, ni weupe mtupu, na miale ya jua iliyopenya matundu ya bati iliwasimamia kama nguzo. Kabla ya adhuhuri, ndoo ya mwisho ilisagwa. Mama Pumba aliinua kidude, injini ikapumua na kutulia. Wale wa nje bado waliimba.

"Wifi," alisema Chekecheke akihema, mkono wake mweupe ukielekea juu, "ukisikia kamba inakuvuta, usianze kupiga kelele. Tulia tu, niachie mimi niongee na—"

Mlango ukaingia giza. Mwanawe alikuwa amefika, funguo za gari mkononi. Alitazama lile furushi sakafuni, limefunikwa unga, na viatu vya mama yake vimesimama kando yake, vitupu. Akainua macho polepole mpaka kwenye wale wawili weupe waliosimama katika nguzo za mwanga, mmoja mkono juu, wimbo ukivuma pande zote.

Funguo zilianguka. Yeye akafuata, kwa magoti.