Tupa Hiyo Tupa

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka mpaka harufu ya grisi. Nilikuwa kijana wa miaka thelathini, naishi hapa hapa Toronto, mtaa wa Don Mills, na mke wangu Mama Salma, na nilikuwa najiona fundi. Fundi wa nini? Wa kila kitu! Nilikulia Tanga, kazi nilijifunza kwenye mashine za mkonge, na kule chuma usipokipaka grisi ya kutosha, upepo wa bahari unakila huku unakitazama. Basi popote nilipoona chuma, nilifika na kopo langu la grisi. Baiskeli, bawaba za milango, cherahani ya mke wangu. Na bastola.

Usishtuke. Ilikuwa bastola ya mchezo wa shabaha, ina leseni yake, inalala bila risasi kwenye sanduku la chuma lenye kufuli, kule gereji. Niliipata kwa Mzee Kaetano, Mgoa wa Mombasa, fundi wa taipureta maisha yake yote na mlenga shabaha hodari kuliko wote klabuni kwetu. Macho yalipoanza kumwangusha, akaniandikishia mimi kwa taratibu zote za serikali. Akaniambia neno moja tu: "Itunze." Nami nikaitunza, mwanangu, kwa karibu kopo zima!

Bastola ya aina ile, kila ukipiga, sehemu ya juu hurudi nyuma, ikatema ganda na kuvuta risasi nyingine. Baridi ilipoingia, yangu ikaanza kukwama. Napiga moja, sehemu ya juu inarudi kivivu, ganda linabanwa nusu ndani nusu nje. Nalitoa, napiga tena, inakwama tena. Na klabu ilikuwa inapeleka watu wanne kwenye mashindano ya jimbo, mimi nikiwa wa nne. Nahodha wetu, mama mmoja mrefu asiyecheka ovyo, akanipa sharti: Jumamosi nipige risasi hamsini mbele yake, na ikikwama hata mara moja, nafasi yangu anapewa mwingine. Nafasi ile niliihangaikia miaka mitatu.

Hapo ndipo nilipoponzwa na ulimi. Kweli ulimi hauna mfupa. Mbele ya wanaklabu wote nikasema, "Si kosa langu. Mzee kaniachia chakavu chake."

Nyumbani nikaanza matengenezo. Naileta jikoni, nahakikisha ni tupu, naivuta kwa mkono: inateleza vizuri kabisa. Nikabadili springi, ikateleza. Nikabadili magazini, kile kibebeo cha risasi, ikateleza. Naipeleka klabu, inakwama! Nikakata shauri kwamba ubaya uko ndani, pale risasi inapopanda kuingia kwenye mtutu, na kwamba dawa ni kupasugua kwa tupa. Alhamisi mchana nikatandika gazeti mezani, nikashika tupa yangu. Kengele ya mlango ikalia.

Alikuwa Mzee Kaetano, theluji mabegani, kofia mkononi.

"Nasikia nimekuachia chakavu," akasema. "Nimekuja kukitazama."

Aibu niliyoipata! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mama Salma akampokea koti, akamkaribisha chai, mimi nimeganda tu na tupa mkononi.

"Na hiyo ya nini?"

"Nilitaka kusugua kidogo tu, Mzee."

"Chuma ukishakila hakirudi. Tupa hiyo tupa!"

Mama Salma akacheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Mzee akakaa. Kwanza akahakikisha mwenyewe kwamba haina risasi, ingawa nilishamwambia. Kisha akapitisha kidole juu yake, kikatoka kimejaa grisi. "Bwana mdogo, umeitunza au umeikaanga?" Halafu akauliza swali ambalo mimi, fundi wa kila kitu, sikuwa nimejiuliza: "Inakwama ikiwa wapi?"

"Klabu."

"Na hapa jikoni?"

"Hapa haikwami."

"Inalala wapi?"

"Gereji. Kwenda klabu inakaa kwenye buti la gari."

Akamgeukia mke wangu. "Mama, mafuta ya nazi hukosi wewe."

Mama Salma alikuwa na chupa aliyoletewa kutoka kwao, ameiweka kwenye kidirisha cha jikoni, kioo chenye baridi ya nje. Mzee akanikabidhi. "Kwenu Tanga, ukitaka kujipaka unafanyaje?"

"Namimina."

"Haya, mimina."

Nikaipindua. Mafuta yameganda meupe pe! Nikaitikisa, nikaipiga kitako, halikutoka hata tone.

Mwanangu, nikaelewa papo hapo. Grisi yangu ile nene ilikuwa inaganda gerejini na njiani, sehemu ya juu ikawa nzito, haina nguvu ya kurudi mpaka mwisho na kutema ganda. Naileta kwenye joto la jikoni, inalainika, ndipo naipima! Nilikuwa nampima mgonjwa akishapona.

"Bastola haina kosa," Mzee akasema. "Wewe ulishahamia Toronto. Mkono wako bado uko Tanga."

Tukafungua madirisha, tukaisafisha kipande kwa kipande, yeye akionyesha, mimi nikifuta mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Tukarudisha springi yake ya zamani. Kisha mafuta mepesi yasiyoogopa baridi, tone moja huku, tone moja huku. Nilipotaka kuongeza la pili akanipiga mkononi kwa kijiko. Ikalala gereji, na asubuhi ya Ijumaa nikaivuta kule kule kwenye baridi. Ikaenda na kurudi bila kusita. Nilipiga kelele, majirani wakachungulia!

Alhamisi ile, kabla Mzee hajaondoka, nilikuwa nimemwambia, "Nisamehe."

"Maneno yako uliyasema mbele ya watu," akajibu. "Hapa jikoni mimi na wewe hatuna kesi."

Jumamosi nikapiga risasi hamsini. Haikukwama hata mara moja, na shabaha ikatoboka katikati. Nahodha akatabasamu, wallahi, nilimwona. Nikaiweka bastola chini ikiwa tupu, nikawageukia watu wote, nikasema, "Mzee Kaetano aliniachia bastola nzima. Mbovu nilikuwa mimi."

Mzee alikuwa kwenye benchi la nyuma, vile vikinga masikio vikubwa bado viko kichwani. Akaweka mkono sikioni. "Sema tena, sijasikia!"

Klabu nzima ikaangua kicheko. Nikasema tena, kwa sauti kubwa zaidi, na sijawahi kufurahi hivyo kwa kujitukana.

Sasa wewe, najua utanijibu kwa Kiingereza. Nijibu tu, ila nisikilize kwa Kiswahili. Siku hizi mnatazama video ya dakika tano, mnatoka mafundi. Wazee walisema mchagua jembe si mkulima. Kitu kikikukwamia, kiwe chuma, kazi au ndoa, usikimbilie tupa. Uliza kwanza kinakwama wapi na lini, na ukipime pale pale kinapokwama. Ujuzi uliotoka nao nyumbani ni mali, lakini uuzoeshe baridi ya hapa. Na ukimvunjia mtu heshima hadharani, usimwombe radhi jikoni.

Mungu akupe mkono mtulivu, mwanangu. Akupe mzee wa kukugongea mlango kabla hujasugua. Na siku ukikosa, akupe sauti ya kulisema kosa lako mara mbili.