Simu ya Ezechiel Iliyokuwa Ikiitika

Miezi tisa tangu Ezechiel azikwe, Annuarite hakumruhusu mtu kugusa meza ya mumewe. Miwani, bisibisi na ile simu nyeusi ya kazini, iliyofunikwa kitambaa alichokifuma kwa mkono wake, vilibaki kama vilivyoachwa. Katika ukoo wao vitu vya marehemu havisogezwi mpaka siku ya kuondoa matanga.

Jumamosi moja akaingia Shyaka, fundi mwenye ndevu za mvi aliyefanya kazi na marehemu katika ofisi moja ya Lilongwe. Alikuja kambini Dzaleka na kompyuta kwapani. Chai ilifika nusu kikombe ndipo akamwambia Annuarite.

"Mama Espérance, ile seva inayobeba simu za ofisi iko inatuma vitu inje. Kila dakika. Hatukujua vinaenda wapi."

"Na mimi nimekuwa fundi lini?"

"Banasema Ezechiel njo aliacha mlango wa wizi."

Annuarite aliweka birika chini taratibu. Alifundisha Kifaransa miaka kumi na miwili, na hakuna aliyewahi kusikia sauti yake ikipanda.

"Nani anasema?"

"Meneja. Mbele ya bantu bote. Jumatatu anaenda polisi."

Shyaka alikuwa amefuata njia ya vitu hivyo wiki nzima, namba kwa namba. Iliishia kwenye laini ya intaneti ya Cyrille, jirani mwenye duka la fotokopi. Na waya wa Cyrille ulipenya ukuta ukaingia humu ndani. Wote wawili walikitazama kitambaa.

"Ofisi ilimpa hii simu atengenezee mambo kutoka nyumbani," Shyaka akasema. "Niitoe waya dakika tano tu."

"Matanga hayajaondolewa."

"Na jina lake, Mama?"

 Annuarite akainuka, akakiondoa kitambaa yeye mwenyewe.

Shyaka akafungua kompyuta na kumwonyesha mistari. Seva ya Lilongwe ilikuwa ikiuliza: upo? Simu ya mezani ikajibu: nipo. Pembeni ya kila jibu, jina: Ezechiel. Annuarite alisoma mstari baada ya mstari. Hakuna simu hata moja iliyopigwa. Mvua zilikuja zikaisha, mahindi yakavunwa, na kila dakika mumewe aliitwa kutoka mjini, akaitika.



"We unaona?" Shyaka alinong'ona. "Haiibi kitu. Inaitika tu."

"Alikuwa hivyo. Hata tonge likiwa mdomoni, ukimwita anaitika."

Fundi akachomoa waya. Swali likaja: upo? Kimya. Likaja tena. Shyaka akaandika saa na dakika kwenye karatasi, maana huo ndio ulikuwa ushahidi kwamba seva ilikuwa ikiongea na simu hii tu. Annuarite hakubandua macho kwenye kioo hadi swali la tano.

Jumatatu alivaa nguo zake za msiba, zimepigwa pasi, akapanda minibasi na simu ndani ya kitambaa. Ofisini akaomba waitwe wote waliomsikia meneja.

Meneja alisoma karatasi ya Shyaka mara mbili. "Pepani, amayi," akaomba radhi chinichini kwa Kichewa.

"Shutuma ulizisema kwa sauti," Annuarite akamjibu.

Meneja akasimama, akawaambia watu wake kwamba Ezechiel hakuiba kitu.

Simu ilikuwa mali ya ofisi, Annuarite akaiacha mezani kwa meneja. Kitambaa akakikunja, akarudi nacho Dzaleka.