Nilivyopigana na platelets zangu kabla ya kukata kiande Kisaju

Wakuu, salamu zenu. Hii aibu nimekaa nayo mwezi mzima, leo naimwaga yote bila kuongeza chumvi.

Mimi nauza mabati hapa Kitengela. Niko na psoriasis, ule ugonjwa wa mabaka mekundu yenye magamba. Hauambukizi, lakini nani atakuamini? Hata jua likiwaka, mimi ni shati ya mikono mirefu.

Sasa nilikuwa na ngurario, ile harusi ya kimila ya Wakikuyu, kwa kina Wanjiru, mchumba wangu, kule Kisaju. Nikajua shangazi zake wakiona hii ngozi, ndoa imeota mbawa.

Wiki tatu kabla nikaingia Google. Nikasoma kwamba platelets, zile chembe za kugandisha damu, pia huchangia ngozi kuvimba. Ati zinaita askari wa mwili waje kwa ngozi.

Nikaishia hapo. Mwenzenu nikawa daktari.

Kama ndizo zinaita, si nizinyamazishe? Aspirin ya kuzizuia asubuhi, aspirin jioni, na kitunguu saumu mbichi juu yake. Mama yangu huko Kajiado alitaka kunichemshia supu ya magome. Nikamwambia hayo ni ya kale, mimi niko na sayansi.

Mabaka hayakutingishika hata kidogo.

Siku ikafika. Kwa ngurario, bwana harusi hukata kiande, yaani bega la mbuzi, mbele ya kila mtu. Usipokata, hujaoa.

Nikashika kisu kwa madaha. Kikateleza, kikanipata kidole.

Wakuu, damu ilikataa kusimama! Serviette zikaisha. Pasta akaanza kuomba. Mjomba mmoja akauliza kwa sauti, "Kwani huyu kijana ako sawa?"

Shangazi Njeri, ambaye ni nesi, akanikunja mkono wa shati mpaka kwa kiwiko ndio anifunge vizuri. Mabaka yote nje. Nilitamani ardhi inimeze.

"Umekuwa ukikunywa nini?" Nikamwambia yote. Alicheka mpaka akatafuta kiti.

"Ni ukweli zinaita askari," akasema. "Lakini si hizo peke yake zinaleta huo ugonjwa. Na ndizo zinaziba kidonda. Umefunga fundi mdomo na mikono. Rudi kwa daktari wa ngozi."

Wanjiru hakucheka. "Hiyo ngozi niliiona tangu tuanze kuonana. Chenye sikujua ni ati naolewa na daktari."

Kiande nilikikata na mkono wa kushoto, yeye akinishikia nyama.

Funzo: ukisoma nusu ukurasa, usijiandikie dawa. Na kama daktari ndiye alikupa aspirin, usiiache kwa sababu yangu.

Nani mwingine alijitibu akaumbuka? Semeni hapa. Wenye kuuza mizizi ya kutibu psoriasis msihangaike na inbox, siku hizi simu inashikwa na Wanjiru.