Kakakuona wa Madaba Aliyechoshwa na Ngoma

Niliondoka Songea kwa sababu ya ujumbe wa mdomo. Kondakta wa basi la Njombe alisimama mlangoni mwa ghala letu la Bombambili, akasema Mama Haule wa Madaba ananisalimu, na kwamba kijijini kwao amefika mgeni mwenye magamba. Hakuongeza neno, basi lilikuwa linapiga honi. Mkononi nilikuwa na bambo, kile chuma cha kuchomea gunia ili kutoa punje za kukagua, na punje zote zikamwagika miguuni pangu.

Niwaeleze kwanza kazi yangu. Nilisomea wanyama, nikitarajia kuishi porini na darubini shingoni. Nilipomaliza, nafasi za utafiti zilikuwa zimefungwa na soko huria limefunguliwa. Wafanyabiashara waliruhusiwa kununua mahindi ambayo zamani yalinunuliwa na ushirika, na mmoja wao alihitaji mtu wa kukagua wadudu kwenye magunia yake. Ndivyo nilivyofika Songea, na sijutii. Ukimtazama dumuzi kwa lenzi, utaona amejiinamia kama mtu aliyevaa kofia kubwa kuliko kichwa chake. Mijusi wa darini nawafahamu mmoja mmoja kwa mikia yao. Asubuhi nikitoka Lizaboni kwenda kazini, ndege mmoja tu juu ya waya wa umeme anatosha kunichelewesha.

Lakini kakakuona hai sikuwahi kumwona. Niliyemwona ni yule wa chuoni, aliyejazwa pamba, jicho moja limetoka. Jambo hilo nilikuwa nimemweleza Mama Haule, mmoja wa wakulima tunaonunua mahindi kwao, siku alipokuja na magunia yake. Kumbe aliliweka moyoni.

Bosi wangu alinipa ruhusa kwa sharti moja. Niwashawishi wakulima wa Madaba watuuzie mavuno yao yote, wasibaki na magunia ndani wakingoja bei. Nilikubali haraka, kama ambavyo ningekubali sharti lolote siku ile.

Alfajiri ya siku iliyofuata tulitoka na pikapu ya kampuni. Dereva alikuwa Bakari, mtu wa Tunduru, ambaye kwake hakuna kitu kinachopatikana duniani kisichopatikana zaidi kwao.

"Dada, hao kwetu wamejaa," aliniambia kabla hatujaumaliza mji.

"Umewahi kumwona?"

"Mimi? Hapana. Babu yangu alimwona."

"Basi hawajajaa."

"Wamejaa, ila wana haya."

Kutoka Luhimba hadi Gumbiro ukungu ulikuwa umelala barabarani, na baridi ya Julai ilitufanya tufunge vioo. Baada ya Gumbiro jua lilitoka, tukaona mashamba yaliyovunwa, mabua yamelala, na moshi ukitoka kwenye nyumba za wakulima. Nilimsimamisha Bakari kwa ajili ya tai pungu aliyekuwa akiyumba hewani kama mlevi anayejua njia. Nikamsimamisha tena kwa ajili ya nguchiro. Mara ya tatu alikataa.

"Dada, mgeni wetu ana magamba, hana subira. Tukichelewa utamkuta ameshaondoka."

Sikumsimamisha tena mpaka Madaba.

Tulipokata kona kuingia kijijini, ngoma tulizisikia kabla ya kuona watu. Walikuwa wamekusanyika kwenye uwanja ulio mbele ya ghala la kijiji, wazee kwenye viti, wengine chini. Mama Haule alikuja mbio akiwa ameshika kanga yake, akanikumbatia hata miwani ikapinda.

"Umekuja kweli, mwanangu. Njoo umsalimie Mzee Mbilinyi kwanza, yeye ndiye mwenye shughuli."

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye unayehesabu wadudu?"

"Ndiye mimi."

"Basi leo achana na wadudu. Tazama."

Juu ya kaniki mpya palikuwa na mviringo wa magamba, mkubwa kama chungu cha pombe. Magamba yalipangana kama vigae, kila moja likifunika nusu ya jenzake, rangi ya asali iliyoungua. Nilipiga magoti. Alikuwa anapumua. Nilicheka peke yangu, halafu nikasikia uwanja mzima unanicheka mimi.

Mama Haule alinieleza desturi. Kakakuona akijitokeza kwa watu, huwa amebeba habari za mwaka. Hupokelewa kwa ngoma, hutandikiwa kaniki, na vitu hupangwa mbele yake: maji, hindi, maharage, panga. Anachokifuata ndicho kinachosema mwaka utakuwaje. Akishachagua, hurudishwa alikotoka, na hakuna anayeruhusiwa kumdhuru. Mwaka ule waliongeza vitu viwili, gunia la ushirika na gunia letu, lenye chapa ya kampuni.

"Tunataka kujua tuwape nani mahindi yetu," alisema Mama Haule. "Maana ninyi wote mnaongea vizuri."

Shida ni kwamba mgeni hakuwa amechagua chochote. Alikuwa amejikunja tangu jana yake asubuhi. Walimletea uji, maziwa na ndizi, akakaa vilevile. Na mtendaji wa kijiji alikuwa ameshatoa amri: asipochagua kabla ya lori la mazao kupita mchana, apakiwe apelekwe mjini, viongozi wamwone, na labda huko atafunguka.

Hapo furaha yangu iliingia baridi. Mnyama huyu hali uji. Anakula mchwa na sisimizi tu, na hajala tangu jana. Kwenye lori, na huko mjini, watu wangemshangaa mpaka afe. Ili asipande lori ilibidi achague. Ili achague ilibidi ajikunjue. Na ili ajikunjue, ngoma ilibidi zinyamaze.

Nililiona jambo lenyewe wazi pale pale: wapigaji wakiongeza nguvu, mviringo unakaza, mviringo ukikaza, wanadhani heshima haijatosha, wanaongeza nguvu. Nilimwendea Mzee Mbilinyi, nikamwomba asimamishe ngoma.

"Nisimamishe?" alisema. "Mgeni apokelewe kimya kama mwizi?"

"Mzee, anaogopa."

"Anaogopa nini, anapigiwa vigelegele?"

Mama Haule ndiye aliyeingilia. "Mzee, huyu ametembea. Kwangu mgeni akifika nampokea kwa vigelegele, halafu namwonyesha pa kulala. Sisi tangu jana tunamshangilia tu. Hajaonyeshwa pa kulala."

Mzee alimtazama mgeni, akatutazama sisi, akainua fimbo. Ngoma zikanyamaza.

"Na apewe chakula chake," niliongeza upesi kabla hajabadili nia. "Naomba nikalete mchwa."

"Mchwa hawamo kwenye vitu."

"Mzee, nikuambie ukweli. Nikiwaleta atawafuata. Ndicho chakula chake."

"Sisi hatumwulizi anakula nini," alisema. "Tunamwuliza mwaka. Walete, wawe kitu kimojawapo. Akiwafuata, kuwasoma ni kazi yangu."

Mimi na Bakari tulikwenda nyuma ya ghala na jembe, tukabomoa ubavu wa kichuguu, tukabeba mabonge ya udongo yenye mchwa waliokuwa wakitutambaa hadi viwikoni. Bakari alikuwa anajikuna na kuninong'oneza.

"Dada, uwaweke juu ya gunia letu. Akilipanda tu, kijiji chote chetu. Bosi atakupa ofisi yenye feni."

"Songea yenyewe hii baridi, feni ya nini?"

"Basi atanipa mimi."

Niliweka mabonge mwisho wa mstari, mbali na kila kitu, na nikarudi kuketi kando ya Mama Haule. Watu wote walikaa. Sijawahi kusikia umati mkubwa ukinyamaza namna ile. Hata watoto wachanga walikuwa wametiwa maziwa mdomoni.

Kwanza mviringo ulilegea. Kisha ikatoka pua, nyembamba, yenye unyevu, ikaonja hewa. Jicho dogo jeusi. Halafu akasimama kwa miguu ya nyuma, mikono ameikunja kifuani, kama padri anayengoja waumini wanyamaze ndipo aanze. Mama Haule alinifinya paja nikafinya lake.

Aliyapita maji. Alilipita hindi, akaliruka panga. Mkia wake mzito uliburuzika juu ya gunia la ushirika na gunia letu bila upendeleo. Alipofika kwenye udongo aliutia kucha, na ulimi ukatoka, mrefu, unang'aa, ukaingia na kutoka kwenye vijishimo kwa kasi ambayo jicho halikuweza kuifuata. Machozi yalikuwa yananitoka na kicheko nimekizuia kwa viganja vyote viwili.

Tulingoja ashibe. Ndipo Mzee Mbilinyi akasimama.

"Mtaalamu. Mchwa wanaweka akiba?"

Bakari alinikanyaga mguu. Nililijua jibu, na nilijua jibu hilo lingenifanyia nini kwa bosi.

"Wapo wanaoweka, mzee. Ukibomoa kichuguu chao unakuta vyumba vimejaa vipande vya nyasi."

"Mmesikia," aliwaambia watu. "Mwaka huu tusiuze yote. Kila nyumba ijaze chumba chake kwanza."

Kabla ya lori kupita, Mzee Mbilinyi aliamuru mgeni arudishwe bondeni, akasema nimbebe mimi. Nilimbeba ndani ya ile kaniki, mzito na wa uvuguvugu, ameshika kidole changu kwa kucha zake kama mtu anayevushwa mto. Tulipomweka kwenye majani hakujikunja. Alitembea taratibu, mikono kifuani, akaingia kwenye miyombo.

Kesho yake tulirudi Songea, Bakari akinipangia njiani namna ya kudanganya. Sikudanganya. Nilikuwa nimejifunza kwamba yale ninayoyapenda, ambayo nilizoea kuyatazama peke yangu nyuma ya magunia, yanaweza kukalisha kijiji kizima kimya, kila mtu na sababu yake. Nilimweleza bosi kila kitu, kuanzia ngoma hadi akiba.

Nilianza kufikiria mahali pa kutafuta kazi nyingine.

"Huo ulimi," alisema hatimaye, "ni mrefu kiasi gani?"

Nilimwonyesha, kutoka ncha ya kidole hadi kwenye kifundo cha mkono. Akasema naongopa, akavuta kiti, akaniambia nianze upya, pale mgeni alipotoa pua.