Kerneli Iliyomchafulia Fundi Jina

Wiki hii nimepata habari kwamba fundi wa kompyuta wa mtaa wa Kampemba, niliyekuwa nikimpelekea mashine yangu kila ilipogoma, ametutoka. Nilikwenda kilioni nikarudi nimechefukwa. Aliyesimama kumsifu marehemu alikuwa mkuu wake wa zamani, mwenye kampuni ya malori, yuleyule aliyemfukuza kazi mbele ya madereva. "Alikuwa ingénieur ya kweli," alisema, yaani mhandisi hasa, akajifuta macho, na watu wakaitikia.

Nieleze. Mzani wa malori wa kampuni ile ni wa zamani sana, hivyo fundi alilazimika kujenga mwenyewe kerneli, yaani kile kiini cha mfumo kinachoiwezesha kompyuta kuelewana na mzani. Siku moja mkuu akaleta kutoka Kipushi msimbo mpya, yaani maandishi ambayo kerneli hujengwa kwayo, ukiwa kwenye flash, kile kidude cha kubebea mafaili, akaumwaga juu ya ule wa zamani bila kumuuliza mtu. Ndivyo tulivyo hapa: kwa kuwa mtandao unajikokota, kila kitu husafiri kwa flash, na anayeishika hujiona mtaalamu. Fundi alipoanza kujenga kerneli upya, kazi ikakwama katikati. Nilikuwepo. Mkuu akasoma mstari wa mwisho kwenye kioo, akafoka kwamba kompyuta imeuawa. Fundi akarudi taratibu hadi juu ya maandishi, akamwonyesha mkuu kwa kidole. "Papa, tuangalie erreur ya kwanza. Hii ya mwisho ni makelele tu. Bafichier ya zamani na ya mupya inachanganyikana. Tufute byote, tuanze mupya." Yaani kosa la kwanza ndilo chanzo: mafaili ya zamani yamechanganyika na mapya. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja tu, na alinyimwa hata hiyo: mkuu alimfukuza palepale. Tangu siku ile jina lake likawa la mtu anayeharibu mashine, na wateja wakamkwepa.

Pale kilioni mjane alinivuta pembeni. "Papa, weye ulikuwa pale. Ni yeye njo aliharibisha?"

Nikamwambia hapana, si mumewe aliyeiharibu kompyuta, nikamsimulia yote. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Sasa juu ya nini haukusema?"

Jibu la kwa nini sikumtetea ninalo, nami naona aibu kuliandika. Siku ile nilikuwa nimekwenda kuomba lifti ya lori hadi Sakania, nikaogopa kuikosa. Niliipata. Mkuu yule ananitia kinyaa, ndugu msomaji, lakini yeye angalau hakuelewa alichokifanya. Mimi nilielewa. Ukijua ukweli wa mtu, useme akiwa bado anaweza kuusikia.