Nilivyomzimia Mwalimu mic kwenye Jumapili ya Mshikamano hapa Komarock

Wakuu, niaje. Wenye mko kazini mkijifanya mnaandika ripoti, sogezeni viti. Wenye mko kwa choo, msitoke kwanza.

Hii si hekaya ya kunogesha wikendi. Niliiona kwa macho yangu, na nikiongeza chumvi hata kidogo, basi speaker zangu zote ziungue katikati ya harusi ya mwanasiasa.

Majina nimebadilisha, na alama za kumtambulisha mtu pia. Jina moja halimo kabisa, na mtaelewa kwa nini.

Kwanza mnijue. Mimi ni fundi wa mitambo ya sauti. Harusi, matanga, kampeni, yeyote mwenye maneno mengi na koo dogo, mimi ndiye humsaidia. Jumapili niko kwa kanisa moja la mabati hapa Komarock, Nairobi, nyuma ya car wash.

Wokovu wangu ni wa kubahatisha, sitawadanganya. Mama watoto ndiye yuko kwaya. Mimi hukaa nyuma kwa mixer na headphone masikioni, nikiomba tu Bishop asigonge mic na kidole akisema "hallo, hallo" kama mtu anadai kodi ya nyumba.

Huyu Bishop wetu alijipandisha cheo mwenyewe. Ijumaa alilala akiwa Pasta, Jumapili tukakuta bango mlangoni linasema Bishop. Hakuna aliyeuliza.

Lakini si mtu mbaya. Mshirika wake akilazwa hospitali, Bishop atafika na thermos ya uji kabla hata jamaa za mgonjwa hawajapata habari. Shida yake ni moja tu, anapenda kelele. Kwake yeye, kama mtaa wa pili haujasikia, Mungu pia hajasikia.

Sasa. Mwaka huu habari za Wakristo kuuawa kwa sababu ya imani yao zilizidi, nchi za mbali na hata huku kwetu karibu na mpaka. Bishop akatangaza Jumapili ya Mshikamano na ndugu wanaoteswa. Jambo zuri, nani angepinga?

Kamati ikaundwa. Wueh!

Mimi naamini Mungu aliumba dunia haraka vile kwa sababu hakuwa na kamati. Hawa wetu walibishana wiki nzima kama T-shirt ziwe nyeusi ama nyekundu. Nyeusi ni ya matanga, nyekundu ni ya Valentine. Mwishowe wakachukua maroon, rangi ambayo haiudhi mtu na haisemi kitu.

Kisha mjanja mmoja akasema washirika wote wafungwe mikono kwa kamba ya manila, kuonyesha minyororo. Wakafungwa kweli. Kufika wakati wa sadaka, watu wakagundua hawawezi kuingiza mkono mfukoni. Sijawahi ona mashemasi wakitafuta makasi kwa bidii vile.

Sawa, nimecheka, sasa nitulie kidogo.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mama Brayo, muuzaji wa mapazia ya mitumba. Mama wa nguvu, Mbukusu halisi, akiita mteja hapa Komarock mtu wa mtaa wa Kayole anageuka. Na ndugu yake mdogo, tumwite Mwalimu Wafula, ndiye aliyekuwa shahidi mkuu wa siku hiyo.

Mwalimu alikuwa anafundisha shule moja huko kaskazini. Huko Wakristo ni wachache, wengi ni watu wa kutoka mbali kama yeye: walimu, manesi, mafundi wa mjengo. Alfajiri moja watu wenye bunduki waliingia kwenye nyumba za walimu, wakaanza kuuliza nani ni wa dini gani. Walimu wawili aliokuwa anapika nao chakula sufuria moja waliuawa hapo hapo.

Yeye alipona. Akarudi Nairobi, akakaa kwa dada yake, na akawa mtu wa kutazama kikombe cha chai mpaka kinapoa. Mama Brayo aliumia sana kumwona vile. Akaamua dawa ni ushuhuda. "Ukitoa mbele ya watu utapona, ndugu yangu," alimwambia kila siku mpaka Mwalimu akachoka kukataa.

Jumamosi akaja kanisani tujaribu mic. Nilikuwa nimechuchumaa nikiunganisha waya, kwa hivyo hakuna aliyekuwa anamtazama usoni. Nadhani ndiyo maana aliongea.

Akaniambia aliyemwokoa ni mzee aliyekuwa analeta maji shuleni kwa mkokoteni wa punda. Mwislamu, mtu wa swala tano. Alfajiri ile mzee alikuwa ameshafika na maji, na milio ilipoanza akamshika mkono wakapita nyuma ya vyoo mpaka kwake.

Na mnajua alimficha wapi? Upande wa wanawake. Kwa mke wake na mabinti zake, chini ya mikeka na blanketi. Mahali ambapo hata ndugu wa huyo mzee haingii.

Wale watu walipofika, mama mwenye nyumba alisimama mlangoni akawafokea. Kwani nyinyi hamkuzaliwa na mama? Mnataka kuona mabinti zangu kabla hawajajifunika?

"Walikuwa tayari kuua, fundi," Mwalimu akaniambia, "lakini waliona haya kuingia."

Nikaacha waya.

Akaendelea. "Wale wenye bunduki wakijua, watammaliza. Na majirani zake, hata wale wazuri, wakijua watasema alimlaza mwanaume wa nje na mabinti zake. Nani atawaoa? Jina lake sijamtajia hata dada yangu."

Kisha akanishika bega. "Mimi nikianza kulia, mdomo haunitii. Ukiona naelekea kumtaja, zima mic."

Nikamwambia asijali, nikarudi kwa waya zangu. Ilikuwa rahisi kusema hivyo Jumamosi kanisa likiwa tupu.

Kabla sijaendelea: kuna msee najua tayari anapasha vidole moto aje kwa comments kutukana Waislamu wote. Pole boss, uzi huu si wako. Walioua ni wauaji na waitwe hivyo. Lakini ungekuwa wewe kwenye ile nyumba, na mabinti zako, na mtu wa dini nyingine anatetemeka mlangoni, ungefanya nini? Jijibu kwanza ndio urudi.

Haya, Jumapili.

Kanisa limejaa mpaka wengine wako nje wameketi kwa tairi za car wash. Bishop amefunga simu yake kwa kile kijiti cha kushikilia, tuko live Facebook, sauti inatoka kwa mixer yangu moja kwa moja.

Vijana wakafungua na igizo. Yaani bila kumwambia mtu, wale vijana walikuwa wamechonga bunduki za mbao, wamejifunga vitambaa usoni, wakaingia mbio kupitia mlango wa nyuma wakipiga kelele "Laleni chini!"

Mwalimu alikuwa kiti cha mbele.

Mimi nilimwona vizuri. Hakupiga nduru. Aliinama polepole akaweka mikono juu ya kichwa, kama mtu aliyefundishwa. Na kanisa linapiga makofi, ati vijana wameigiza vizuri! Nilitamani kuchukua hizo bunduki za mbao niwashie nazo jiko.

Igizo kuisha tu, akaitwa kutoa ushuhuda.

Alianza vizuri, sauti ndogo. Akataja wale wenzake wawili. Akafika kwa mzee, bila kutaja kazi yake wala mahali, na upande wa wanawake. Mama Brayo alikuwa anasikia hayo kwa mara ya kwanza. Alitoa leso kichwani akajifuta nayo uso wote.

Yule kijana wa keyboard naye akaanza kupiga zile noti za kuliza watu. Mwalimu akaanza kulia.

Bishop akasimama kutoka kile kiti chake cha kifalme, mic ya pili mkononi. "Huyo mzee ni Msamaria Mwema! Kanisa, tutamwacha bila baraka? Mtaje jina, Mwalimu! Mtaje, mbingu isikie, dunia isikie!"

Mnajua kanisa zetu. Ukiambiwa taja, unataja. Ndiyo desturi, baraka haitumwi bila jina. Watu wote wakainua mikono wakaanza, "Mtaje! Mtaje! Mtaje!"

Hawakuwa na ubaya wowote, wakuu. Walikuwa wanampenda yule mzee kwa moyo wao wote, na walikuwa karibu kumuua.

Mwalimu akatikisa kichwa. Bishop akamwekea mkono begani. "Usimfiche aliyekuficha!"

Nikaona midomo ya Mwalimu inafunguka. Macho ameyafumba, machozi yanachuruzika, hayuko tena Komarock.

Nikashusha zote. Mic ya Mwalimu, ya Bishop, keyboard, live, kila kitu. Speaker zikafa.

Mtu wa mbele akasema stima imepotea. Lakini taa zinawaka na feni inazunguka.

"Fundi!" Bishop akaita. "Stima?"

"Stima iko, Bishop."

"Sasa ni nini?"

Mama watoto ananiangalia kutoka kwaya kwa lile jicho la tutaonana nyumbani.

"Ni mimi nimezima," nikasema. "Huyo mzee bado anaishi huko huko. Jina likitoka hapa, litamfikia kabla ya baraka."

Shemasi mmoja tayari alikuwa anakuja kwangu amekunja mikono ya shati. Bishop uso umevimba, anasema kwa sauti ya juu mimi nani wa kuzima kazi ya Mungu, mtu hata ubatizo wangu haujulikani ulifanyika wapi. Hapo alinipata.

Ndio Mama Brayo akainuka. Mnakumbuka ile sauti ya kufika Kayole, huyu hahitaji mic.

"Bishop! Ungekuwa wewe umeficha mwanaume wa wenyewe kwa blanketi za mke wako na wasichana wako, ungetaka tukutaje Facebook?"

Mtu akacheka. Kisha kanisa lote likacheka, hata Mama Bishop, ambaye huwa hacheki hadharani. Halafu kicheko kikaisha chenyewe, na ukaona kwa nyuso za watu kwamba sasa wameelewa.

Mama Brayo akatembea mpaka mbele akamkumbatia ndugu yake. "Nisamehe," akamwambia. "Mimi ndiye nilikusukuma." Mwalimu alilia kwa bega lake, na hakuna aliyeambiwa apige makofi.

Bishop akanigeukia. Nilidhani atanifukuza. Akaweka mic chini, akapiga magoti kwa sakafu na suti yake ile nyeupe, akasema, "Mungu, kuna baba mmoja, na mama, na mabinti zao. Wewe unawajua. Sisi hatutaki kuwajua."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia Bishop akiomba kwa sauti aliyozaliwa nayo. Ni sauti nzuri, haki ya nani. Na watu wakaomba hivyo hivyo, kila mmoja kivyake, kanisa la mabati lililojaa wapentekoste wakililia familia moja ya Waislamu ambayo hawaijui.

Ile live ilifutwa hapo hapo, Mama Brayo akiwa amemsimamia Bishop mpaka akahakikisha. Waliokuwa wanatazama hawakuwa wengi, na mmoja wao ilikuwa simu yangu mwenyewe.

Mwalimu hajapona, msinishangilie. Bado hushtuka pikipiki ikilia pa! kwa bomba la moshi. Lakini siku hizi chai anainywa ikiwa moto, na anawafundisha watoto wa majirani wa plot hesabu.

Funzo nililopata? Mtu akiteswa kwa sababu ya imani yake, mwombee, mpe pa kulala, piga kelele kwa serikali, vaa hata hiyo maroon ukitaka. Lakini kwanza muulize yeye ni nini kitamuumiza zaidi. Sisi hatukuuliza. Tulimletea bunduki za mbao.

Sasa kuna jambo moja la mwisho, halafu niwaachie uwanja.

Tangu siku ile watu hunijia kisiri. Shemasi aliniuliza. Mama watoto aliniuliza, na mpaka leo amenuna. Bishop mwenyewe alinivuta kando nyuma ya car wash: "Fundi, kati yetu tu, alikuwa anaitwa nani?" Nikawaambia wote sijui.

Nilidanganya. Ukishusha sauti kwa mixer, speaker ndizo hunyamaza. Headphone ya fundi hainyamazi. Mwalimu alilinong'ona lile jina kwa mic, lote, la mzee na la baba yake, kelele za "Mtaje!" zikalimeza, na likaingia masikioni mwangu peke yangu.

Kwa hivyo mimi, msee ambaye ubatizo wake haujulikani, huamka asubuhi kabla ya mama watoto, nakaa kwa ukingo wa kitanda na kulitaja mara moja, polepole. Sijui kuomba, sina maneno mengine ya kuongeza. Nalitaja tu, kisha naenda kazini.

Karibuni kwa comments. Nitukaneni, nikosoeni, mwenye yamemkuta kama haya asimulie. Ila atakayeniuliza jina, namblock.