Viatu Mlangoni mwa Intaneti

Mkoa wa Manyara ulipoanza, Babati ilijaa maofisa wenye mikoba, kila mmoja akiuliza intaneti iko wapi. Mimi niliishia darasa la nne, lakini pua ninayo. Nikauza ng'ombe, nikanunua kompyuta zenye visogo vinene kama magunia, nikafungua duka. Mke wangu akazifumia vitambaa, akakaa mezani kupokea wateja.

Sheria ilikuwa moja: viatu vibaki mlangoni. Vumbi letu linaua mashine. Wenye digrii walivua, wakapanga foleni na soksi zilizotoboka, wakinibembeleza mimi nisiyejua Kiingereza. Nikitoka shamba Nangara nilitazama mlango kwa mbali. Viatu vikiwa vingi, biashara ipo.

Kisha zikaja simu za kupapasa. Mwalimu mmoja wa Mutuka, mteja wangu wa siku nyingi, akanionyesha yake.

"Mzee, intaneti yote imo humu."

"Intaneti ya kukaa mfukoni pamoja na ugoro? Mtu mzima anakaa kwenye kiti."

Nikaongeza kompyuta mbili. Ndiyo, nikaongeza.

Viatu vikapungua mpaka zikabaki ndala za mke wangu. Akasema, "Baba, tufunge tulime vitunguu." Nikakataa. Wapo waliosema nimeuza ng'ombe nikanunua televisheni zisizoonyesha mpira. Nikifunga, watanicheka mpaka Nakwa.

Siku moja natoka shamba, naona viatu vimejaa mlangoni mpaka barazani. Nikatembea kama bwana harusi. Kuingia ndani, kompyuta zote zimechomolewa, soketi zimejaa chaja. Watu wamekalia viti vyangu, wameinamia simu kama kuku wanaodonoa. Vitambaa vya kompyuta wamevitandikia simu zao zisikwaruzike.

"Shikamoo mzee," akasema mwalimu, kichwa hakuinua.

"Marahaba. Kompyuta hamzioni?"

"Tunazionea huruma, mzee. Kwetu umeme haujafika. Bando ninalo, chaji sina."

Nikashika mlango niwatoe wote. Mke wangu, pale mezani, hakuacha kufuma.

"Usiwafukuze, wamelipia chaji. Viatu ni viatu."

Kompyuta zikaenda stoo, na moja kuku anatagia juu ya kisogo chake. Nikaita fundi aongeze soketi, duka halikufungwa. Mwalimu akaniuliza kama sasa wanaweza kuingia na viatu, maana simu haiogopi vumbi.

"Vua," nikamwambia. Intaneti wameninyang'anya, lakini soksi zao bado naziona.